Tochi ya Mfukoni: Anza na Betri, Lumeni Baadaye

Umeme umekatika saa 2 usiku. Simu imebaki na chaji asilimia 9, na kwa wakati huohuo unataka kumpigia mtu, kumulika ngazi na kushika ndoo. Taa ya simu haitoshi kazi zote hizo. Njiani ni hatari zaidi, kwa sababu anayetembea gizani ameinua simu anamwonyesha kila mpita njia alichonacho mkononi. Simu ikimponyoka mtu kwenye choo cha shimo, haifuatwi tena.

Tochi ndogo ya LED, yenye urefu wa kidole, inamaliza tatizo hilo kwa gharama ndogo. Ugumu uko dukani. Maboksi yamejaa tarakimu kubwa, muuzaji anakumulika usoni ili akuvutie, nawe unaondoka na kitu kitakachokufa baada ya mwezi. Mwongozo huu ni wa kukuwezesha kuchagua tochi utakayoibeba kila siku na itakayowaka siku unapoihitaji. Kanuni yangu ni moja: chagua betri kwanza, kisha ngazi ya chini ya mwanga, halafu swichi. Mwanga wa juu kabisa, ambao ndio unaotangazwa kwenye boksi, uangalie mwishoni.

KWANZA JUA UNAMULIKA NINI

Orodhesha kichwani mambo uliyoyamulika wiki iliyopita. Tundu la kufuli. Vitufe vya mita ya LUKU. Chini ya kitanda. Plagi ya bodaboda iliyozimika njiani. Njia ya kwenda chooni. Karibu yote yako kati ya urefu wa mkono na hatua kumi. Kwa kazi hizo (lumeni ni kipimo cha mwanga, nitakieleza chini):

- Kusoma, kutafuta kitu chumbani bila kuamsha watoto, kufungua kufuli: lumeni 1 hadi 5.
- Kutembea kwenye njia unayoijua: lumeni 20 hadi 60.
- Kuangalia ua mzima, au sauti uliyoisikia nyuma ya banda: lumeni 100 hadi 300.

Anayetembea vijijini ana sababu nyingine ya kubeba tochi, nayo ni nyoka. Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017. Kifutu, nyoka mnene wa rangi ya majani makavu, ndiye wa kuogopwa njiani kwa sababu hakimbii ukimkaribia. Hulala palepale mpaka umkanyage. Kwa hiyo mwanga unaokufaa ni mpana, unaofunika ardhi mbele ya miguu yako na kando zake. Mwale mwembamba unaofika kwenye mti wa mbali na kukuachia giza miguuni haukukingi. Vaa na viatu vilivyofunika mguu, kwani tochi peke yake haitoshi.

BETRI: HAPA NDIPO UAMUZI ULIPO

Kwa miaka mingi tochi ya familia ilikuwa ile ndefu ya bati inayomeza betri kubwa mbili. Kiwanda cha Eveready cha Nakuru, kilichotengeneza betri za aina hiyo, kilisimamisha uzalishaji mwaka 2014. LED hula umeme kidogo sana kuliko balbu ya zamani yenye uzi, ndiyo maana leo betri moja ya rimoti inaweza kufanya kazi iliyokuwa ya betri mbili kubwa. Ila betri yenyewe ndiyo inayoamua ukubwa wa tochi, uzito wake, itawaka muda gani, na kama utaweza kuiamsha tena ukiwa mbali na mji.

AAA, yaani betri ya rimoti. Hutoa tochi nyembamba kama kalamu nene, isiyovimbisha mfuko wa shati. Inapatikana karibu kila duka. Uwezo wake ni mdogo, kwa hiyo inamfaa anayehitaji mwanga wa dakika chache chache.

AA, betri ya saa ya ukutani. Kwa maoni yangu hii ndiyo inayowafaa wasomaji wengi. Tochi inanenepa kidogo, lakini unapata zaidi ya mara mbili ya nishati ya AAA, na hata kioski cha kijijini kinaiuza. Nunua za kuchaji aina ya NiMH mbili au nne pamoja na chaja yake. Zina volti 1.2 badala ya 1.5, jambo ambalo tochi nyingi nzuri za LED hulimudu bila shida.

18650, betri ya lithiamu yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Nguvu yake ni kubwa mno kuliko hizo mbili. Inawafaa walinzi, mafundi, wauguzi wa zamu na wavuvi. Mfukoni itaonekana, nayo inahitaji nidhamu nitakayoieleza chini.

Betri ya ndani isiyotoka, inayochajiwa kwa waya wa Type-C. Ni rahisi kutumia kwa sababu waya ndio ule wa simu. Ubaya wake ni kwamba ikiisha huna cha kubadilisha, na ikichoka baada ya miaka kadhaa tochi nzima inatupwa. Ukiichagua, hakikisha una pawabenki au sola ya nyumbani.

Betri za kidonge, zile bapa za saa na vibanio vya funguo. Usizinunue kama una mtoto mdogo nyumbani. Mtoto akimeza betri ya kidonge inaweza kumchoma koo la chakula ndani ya saa 2. Ikitokea, usimtapishe, mkimbize hospitali hapohapo.

Kuna pia tochi za kuchaji zenye pini za kukunja nyuma, ambazo huchomekwa ukutani moja kwa moja. Nyingi hutumia betri ya asidi ya risasi, ile ya jamii ya betri ya gari. Ni nzito kwa mfukoni, na ukiiacha bila chaji wiki kadhaa betri inakufa kabisa. Nyingine hazina kitenganishi kati ya umeme wa ukutani na sehemu za ndani, kwa hiyo mwili wa tochi unaweza kubeba umeme ikiwa inachajiwa. Kama unayo tayari, usiishike wala kuiwasha ikiwa kwenye soketi.

Kuhusu betri za bei ya chini kabisa zilizoandikwa "Heavy Duty": usidhani jina hilo ni sifa ya uimara. Ni betri za zinki na kaboni, dhaifu kuliko za alkali, na hutoa majimaji mapema. Zinaitosha saa ya ukutani. Tochi ya LED huzichosha haraka.

MAANDISHI YA BOKSI NA NAMNA YA KUYASOMA

Lumeni ni jumla ya mwanga unaotoka mbele ya tochi. Kandela ni ukali wa mwanga huo katika upande mmoja. Tochi mbili zenye lumeni 100 zinaweza kutofautiana kabisa: moja inatawanya mwanga chumba kizima, nyingine inaurundika sehemu moja ukutani. Ndiyo maana lumeni peke yake haikuambii tochi itakufaa kwa kazi gani.

Tafuta alama ya ANSI FL1 kwenye boksi. Ni kiwango cha upimaji kilichotolewa kwanza Marekani mwaka 2009, na watengenezaji makini hukifuata. Hata kikifuatwa, soma kwa uangalifu:

- Muda wa kuwaka huhesabiwa mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Tochi ya lumeni 200 iliyoandikwa saa 8 inaweza kuwa imetumia sehemu kubwa ya saa hizo ikitoa lumeni 30 au 40.
- Umbali wa mwale hupimwa mpaka pale mwanga unapobaki sawa na wa mbalamwezi. Ukiandikiwa mita 90, tegemea kutambua kitu kwa uhakika kwenye mita 30 hivi.
- IPX4 inavumilia mvua na kumwagikiwa maji. IPX7 inavumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30. Kwa masika yetu, IPX4 ndiyo ya chini kabisa ya kukubali; anayefanya kazi kwenye ngalawa au karibu na kisima achukue IPX7 au IPX8.

Jua pia kwamba macho hayahesabu mwanga kama mita ihesabuvyo. Ili kitu kionekane kinang'aa maradufu, unahitaji karibu mara nne ya lumeni. Kutoka 100 kwenda 150 hutaona tofauti ya maana, na haifai kuilipia.

KISANDUKU: HESABU YA KUMBAINI MWONGO

Kadirio la kutumia: wati-saa 1 ya betri hutoa lumeni 100 hivi kwa saa 1. Kupata wati-saa, zidisha volti kwa mAh zilizoandikwa kwenye betri, kisha gawanya kwa 1,000.

- AAA ya kuchaji: 1.2 × 800 ÷ 1,000 = wati-saa 1 hivi. Lumeni 100 kwa saa 1, au lumeni 10 kwa saa 10.
- AA ya kuchaji: 1.2 × 2,000 ÷ 1,000 = wati-saa 2.4. Lumeni 100 kwa saa 2 na dakika 20 hivi.
- 18650: 3.6 × 3,000 ÷ 1,000 = wati-saa 10.8. Lumeni 100 kwa saa 10 na zaidi.

Sasa pima tangazo la "lumeni 5,000 kwa saa 5" kwenye tochi ya betri moja ya 18650. Hiyo ingehitaji wati-saa 250, yaani betri 23 za aina hiyo. Rudisha boksi mahali pake.

Uongo wa betri uko vilevile. Betri nyingi za kweli za 18650 zina kati ya mAh 2,000 na 3,600. Iliyoandikwa 9,900 ni bandia. Iweke kwenye mizani: ya kweli ina gramu 45 hivi. Ikiwa nyepesi sana kuliko hapo, ndani kuna betri ndogo iliyofichwa kwenye ganda kubwa.

Rangi ya mwanga nayo ina maana. LED nyeupe kwa kawaida ni taa ya buluu iliyopakwa unga wa njano juu yake. Uvumbuzi wa hiyo buluu ndio uliowapa Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Unga ukiwa hafifu, mwanga hubaki na ubuluu, na vitu hupoteza rangi zake: waya mwekundu na wa kahawia hufanana, damu hufanana na tope. Fundi umeme na muuguzi watafute rangi ya mwanga iliyoandikwa kati ya 4,000K na 5,000K, na CRI, yaani kipimo cha kuonyesha rangi halisi, ya 90 au zaidi ikipatikana.

SWICHI NA UMBO

Swichi ya mkiani huwashwa kwa dole gumba hata gizani totoro. Swichi ya ubavuni ni nzuri ila huipati kwa urahisi ukiwa na mikono yenye unyevu. Tochi za kuzungusha kichwa hazina swichi ya kuharibika, lakini zinataka mikono miwili.

Lililo muhimu kuliko aina ya swichi ni mpangilio wa ngazi. Tochi inayoanza na ngazi ya chini itakufaa usiku wa manane, kwa sababu jicho lililozoea giza huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea tena baada ya kumulikwa na mwanga mkali. Epuka tochi inayokulazimisha kupitia mwanga wa kupepesa kila unapotaka kuizima. Mpepeso huo unakera, na kwa baadhi ya watu wenye kifafa unaweza kuamsha degedege.

Tochi za kuvuta kichwa ili kukusanya mwanga zinapendwa sana. Kwa mfukoni sizipendekezi: mahali kichwa kinapoteleza ndipo maji na vumbi vinapoingilia.

UKIWA DUKANI

Uwe Kariakoo au Luthuli Avenue, haki yako ni kuijaribu kabla ya kulipa. Muuzaji asiyekubali kufungua boksi, muage kwa heshima uende duka la pili.

1. Fungua mkia. Angalia kama hesi zinazunguka bila kukwaruza, kama kuna mpira wa duara wa kuzuia maji, na kama springi ni imara.
2. Tikisa tochi yenye betri karibu na sikio. Kitu kikigonga ndani, iache.
3. Ingia kona yenye giza, simama hatua moja na nusu kutoka ukutani, uwashe. Mwanga uwe wa duara bila doa jeusi katikati. Kwa mfukoni, ukingo unaofifia polepole ni bora kuliko ukingo mkali.
4. Weka ngazi ya chini, kisha elekeza kamera ya simu kwenye mwanga. Mistari ikikimbia kwenye skrini, tochi inapunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima haraka haraka, na ikiwa mistari ni minene sana macho yako yatachoka.
5. Weka ngazi ya juu kwa dakika 3, ukiwa umeishika. Mwili ukipata joto ni dalili njema, kwani joto linatoka kwenye LED. Tochi inayodai lumeni 1,000 na bado ni baridi kabisa ama inadanganya, ama inajichoma ndani.
6. Itie mfukoni pamoja na funguo zako. Kaa, chuchumaa, simama. Ikijiwasha yenyewe au klipu ikiteleza, haikufai.
7. Uliza kama betri inatoka, na kama ipo ya kununua dukani hapo.

Ukiagiza mtandaoni hutaweza kufanya haya, kwa hiyo pokea, jaribu yote siku ileile, na uulize masharti ya kurudisha kabla ya kutuma pesa.

TAHADHARI

- Usibebe betri ya lithiamu mfukoni bila kasha. Ikigusana na funguo au sarafu huunda njia fupi ya umeme, hupata moto na inaweza kulipuka. Kasha la plastiki ni rahisi kupatikana.
- Betri ya 14500 ina umbo la AA lakini volti yake ni 3.7, na hufika 4.2 ikijaa. Usiitie kwenye tochi isiyotamka kwamba inaikubali.
- Betri iliyovimba, iliyochanika ganda au inayonuka usiichaji tena.
- Usichaji kitandani wala juu ya godoro. Chagua sakafu ya saruji au sahani ya udongo, ukiwa macho.
- Ukipanda ndege, betri za akiba za lithiamu zikae kwenye begi la mkononi.
- Tochi yenye nguvu ikijiwasha mfukoni inaweza kuunguza nguo na ngozi. Legeza mkia robo mzunguko unapoiweka. Nyingi zitakatika umeme kabisa.
- Usimmulike mtu machoni, hasa mtoto au dereva anayekuja.

MAKOSA YANAYORUDIWA

Kosa la kwanza ni kununua tochi tatu hafifu kwa bei ya moja nzuri. La pili ni kuchanganya betri mpya na kuukuu katika tochi inayotumia zaidi ya moja: iliyochoka huminywa na mpya, kisha hutoa majimaji. La tatu ni kuiweka tochi kabatini "ili isiharibike". Tochi iliyo kabatini haikusaidii ukiwa kituo cha daladala. Kama unayochagua ni nzito kiasi cha kuiacha nyumbani, chukua ndogo zaidi hata kama mwanga wake ni mdogo.

ORODHA YA KUKAGUA KABLA YA KULIPA

☐ Betri yake naijua na inauzwa ninapoishi
☐ Ina ngazi ya lumeni 5 au chini
☐ Ngazi ya juu haizidi kile ambacho betri inaweza kutoa kwa hesabu
☐ Swichi naipata kwa mkono mmoja gizani
☐ IPX4 au zaidi
☐ Nimeijaribu mfukoni na haikujiwasha

IKISHAKUWA YAKO

Usiku wa kwanza, ichaji au itie betri mpya, kisha iwashe ngazi ya kati na uandike saa. Iangalie mara kwa mara mpaka ifike pale ambapo mwanga haukutoshi tena kutembea. Muda huo ndio wa kuuamini kuliko wa kwenye boksi. Betri ya ndani usiimalize hadi izime kabisa.

Kila baada ya miezi michache futa hesi kwa kitambaa safi, upake mpira wa duara grisi ya silikoni kidogo. Mafuta mazito ya kujipaka yanaweza kuvimbisha baadhi ya mipira. Anayeishi pwani afute mwili wa tochi kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, maana hewa ya bahari hula springi na viunganishi. Usiiache kwenye dashibodi ya gari mchana.

Ikiwa hutaitumia kwa mwezi, toa betri. Ukikuta unga mweupe wa betri ya alkali, vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi, futa kwa pamba yenye siki au ndimu, kisha kausha kabisa kabla ya kuweka betri nyingine. Betri zilizokufa usizitupe motoni wala shambani. Zikusanye kwenye chupa kavu mbali na watoto, za lithiamu ukizifunika ncha kwa selotepu, mpaka upate duka au kituo kinachopokea taka za vifaa vya umeme.